Maisha ya Sørensen, Aliyeupa Ukali wa Vitu Kipimo



Tumezoea katika kurasa hizi kueleza khabari za watu waliopita ambao kazi zao zimebaki zikiwafaa walio hai. Leo twapenda kumweleza mtu ambaye jina lake ni nadra kutajwa katika mabaraza yetu, ingawa kila kijana wetu aliyesoma kemia shuleni ameitumia kazi yake. Mtu huyo ni Søren Peter Lauritz Sørensen wa Denmark, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufa mwaka 1939. Yeye ndiye aliyetoa kipimo kiitwacho pH, ambacho kwacho hujulikana kitu ni asidi au ni alkali, na kwa kiasi gani.

Kabla ya kumwendea huko kwao, na tuanze hapa petu Lamu, kwani jambo alilolipima limo ndani ya nyumba zetu. Nyumba za mawe za mji huu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kuta zake na zidaka zake zimepakwa chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kupanga kuni nyingi, kuweka juu yake vipande vya matumbawe, na kuvichoma kwa moto mkali. Moto ule huitoa hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya jiwe. Kinachobaki, kikimwagiwa maji, huchemka na kufuka moshi, na hiyo ndiyo kuzima chokaa. Kisha chokaa ikipakwa ukutani huivuta tena ile hewa ya ukaa kidogo kidogo, ikarejea kuwa jiwe. Mwashi aliyeishika chokaa mbichi siku nzima ajua kuwa huila ngozi ya mkono.

Ama upande wa pili, tunayo ndimu, siki na ukwaju. Ndimu huchoma kidonda, husafisha shaba iliyoshika kutu, na hutoa alama juu ya sakafu ya chokaa. Basi ndimu ni kali na chokaa ni kali, lakini ukali wa moja ni kinyume cha ukali wa nyingine. Zikikutanishwa kwa kiasi chake huuana, na kinachopatikana ni maji na aina ya chumvi. Ndimu ni katika jamii ya asidi. Chokaa ni katika jamii ya besi, na besi iyeyukayo majini huitwa alkali. Neno hili la alkali, ambalo vijana wetu hudhani ni la Kizungu, ni la Kiarabu, al-qali, yaani majivu ya mimea ya chumvi yaliyotumiwa zamani kutengeneza sabuni na kioo. Wazungu walilichukua pamoja na elimu yake.

Watu walijua hayo karne nyingi. Walichokosa ni kipimo. Ulimi ulisema hii ni chachu na hii ni chungu, na karatasi iliyotiwa rangi za mimea ilibadilika ikawa nyekundu au buluu, lakini hapakuwa na tarakimu ambayo mtu wa Lamu na mtu wa Copenhagen wangeweza kuitaja wakafahamiana pasi na shaka. Hiyo ndiyo kazi aliyokuja kuifanya Sørensen.

Alizaliwa tarehe 9 Januari 1868 katika kijiji cha Havrebjerg, kisiwani Sjælland. Baba yake alikuwa mkulima. Alipotimia miaka kumi na minane aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen kwa nia ya kusoma utabibu, lakini mwalimu wake S. M. Jørgensen, aliyekuwa bingwa wa kemia, alimvuta upande wa elimu hiyo, na humo akabaki maisha yake yote. Alimsaidia mwalimu wake katika maabara kwa miaka kadha, na katika muda huo alikuwa pia mshauri wa karakana ya merikebu za kifalme. Mwaka 1899 alipata shahada ya udaktari. Miaka miwili baadaye, mwaka 1901, aliwekwa kuwa mkuu wa idara ya kemia katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, mahali pa Johan Kjeldahl aliyekufa mwaka 1900.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwani msomaji huenda akashtuka. Carlsberg ni kiwanda cha pombe. Mwenyewe, J. C. Jacobsen, aliianzisha maabara hiyo mwaka 1875 ili ijulikane kwa yakini namna nafaka inavyogeuka na kuumuka. Lakini aliweka sharti ambalo wenye viwanda wengi hawaliwezi: kila jambo lenye faida litakalogunduliwa humo litangazwe kwa watu wote, wala lisifichwe kwa ajili ya faida ya kiwanda chake. Na sharti hilo lilitekelezwa. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen aligundua humo njia ya kuotesha hamira safi kutokana na chembe moja, ikatolewa hata kwa washindani wa Carlsberg.

Sisi hatuifanyi pombe kuwa halali kwa kuwa maabara ile ilitoa elimu, wala hatuifanyi elimu kuwa haramu kwa kuwa mlango iliotokea ni mlango wa pombe. Wasomaji wetu wa fikihi wajua kuwa mvinyo ukigeuka siki wenyewe, hukumu yake hugeuka, kwa kuwa kitu chenyewe kimegeuka. Basi kipimo kilichotoka Carlsberg leo hupima damu ya mgonjwa, maziwa ya mtoto na maji ya kisima, na hakina harufu ya pale kilipozaliwa.

Na turejee kwa Sørensen. Kazi yake ilikuwa kuchungua vimeng'enya, navyo ni vitu vilivyomo ndani ya viumbe vyenye uhai, vinavyoharakisha mageuzi kama vile kuvunjwa kwa chakula tumboni. Aliona kuwa vimeng'enya ni wepesi wa kudhurika. Ukali wa maji vilimo ukizidi kidogo tu, kazi yao hupungua au husimama. Basi ilimlazimu aujue ukali ule kwa hakika, na hapo akakuta kuwa njia ya zamani haitoshi.

Njia ya zamani ilikuwa kumimina alkali ndani ya asidi tone kwa tone mpaka zikauana, kisha kuhesabu alkali iliyotumika. Hesabu hiyo hueleza asidi yote iliyomo. Lakini Svante Arrhenius wa Uswidi alikuwa amekwisha kueleza jambo la ajabu katika tasnifu yake ya mwaka 1884, ambayo walimu wake waliipa daraja ya chini, kisha fikra zilizokuwamo zikamletea Tuzo ya Nobel mwaka 1903. Alieleza kuwa asidi ikiingia majini hutoa chembe za haidrojeni zenye umeme, ziitwazo ioni, na ndizo zinazofanya kazi ya uasidi. Na asidi si sawa katika kuzitoa. Asidi kali huzitoa takriban zote. Asidi dhaifu kama ya siki hutoa chache, na nyingine huzizuia.

Mfano wake ni mitaa miwili yenye watu mia kila mmoja. Katika mtaa wa kwanza wote wametoka njiani, na katika wa pili mmoja tu ametoka, na waliobaki wamo majumbani. Mwenye kuhesabu wakazi atasema mitaa hii ni sawa. Mwenye kupita njiani ataona tofauti kubwa. Sørensen alifahamu kuwa vimeng'enya hukutana na wale waliotoka njiani, basi hao ndio wa kuhesabiwa.

Aliwahesabu kwa ala ya umeme iliyotumia gesi ya haidrojeni, na kwa rangi zinazobadilika. Lakini tarakimu zilizotoka zilikuwa za kuchosha. Katika lita moja ya maji safi, ioni za haidrojeni ni kiasi cha gramu 0.0000001 tu. Katika lita ya maji ya ndimu ni kiasi cha gramu 0.01. Nani ataandika sifuri hizo kila siku asikosee? Katika maandishi yake ya mwaka 1909, yaliyotoka kwa Kijerumani na kwa Kifaransa, Sørensen alitoa njia nyepesi: tazama ile 1 iko mahali pa ngapi baada ya nukta, uiandike tarakimu hiyo peke yake. Ya maji safi iko mahali pa 7, basi pH yake ni 7. Ya ndimu iko mahali pa 2, basi pH yake ni 2 au karibu yake.

Kwa hiyo yampasa mwanafunzi ashike mambo mawili ambayo wengi huyakosea. La kwanza, tarakimu ikishuka, uasidi umezidi. Saba ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. La pili, kila daraja moja ni mara kumi. Kutoka 7 hadi 2 ni daraja tano, basi ioni za haidrojeni katika ndimu ni mara 100,000 ya zile za maji safi. Maziwa yana pH ipatayo 6.6. Damu ya mtu mzima wa afya ni baina ya 7.35 na 7.45, na ikitoka nje ya mpaka huo mwembamba mwili huingia hatarini. Maji ya bahari ni karibu ya 8.1, na maji yaliyoshiba chokaa hufika 12.4.

Sørensen hakukiweka kipimo chake sandukuni. Alieleza pia namna ya kutengeneza viowevu ambavyo pH yake haitikisiki kwa wepesi, viitwavyo bafa, ili kila mwenye maabara aweze kusahihisha kazi yake mwenyewe. Aliendelea na uchunguzi wa protini, na mkewe Margrethe alishirikiana naye katika kazi hiyo. Mwaka 1924 yeye na mwenziwe Kaj Linderstrøm-Lang waliirekebisha maana ya pH iwe sahihi zaidi, wala hakuona haya kuisahihisha kazi iliyompa jina. Aliacha ukuu wa idara mwaka 1938, akafa tarehe 12 Februari 1939. Tuzo ya Nobel hakuipata. Kipimo chake kilikuwa kimekwisha kutoka mikononi mwake. Huko Marekani, mwaka 1934, Arnold Beckman alikuwa ametengeneza ala ya kupima pH kwa wepesi, na haja iliyomsukuma ilikuwa ni ya wenye mashamba ya ndimu waliotaka kujua uasidi wa maji ya matunda yao.

Sasa, elimu hii yatufaa nini sisi watu wa visiwani? Twataja mawili.

La kwanza ni la mwili. Mtu aliyejifunza nusu husema kuwa asidi huiua alkali, basi chokaa ikimwingia mwashi jichoni na atiwe maji ya ndimu. Hilo ni kosa kubwa. Asidi na alkali zikiuana hutoa joto, na ndimu nayo hudhuru jicho; basi jicho litakuwa limeunguzwa mara mbili. Litolewe vumbi la chokaa lililobaki, jicho lioshwe kwa maji safi mengi yapitayo kwa muda usiopungua dakika ishirini, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi. Alkali hupenya ndani ya jicho kuliko asidi nyingi, na kila dakika ina thamani.

La pili ni la bahari. Ile hewa ya ukaa iliyotoka katika matanuri ya chokaa ndiyo hiyo hiyo itokayo katika makaa ya mawe na mafuta yachomwayo duniani kote, na kwa wingi usio na mfano. Sehemu yake kubwa huingia baharini, ikawa asidi dhaifu. Tangu zama za viwanda kuanza, pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kwa kiasi cha 0.1. Asiyekijua kipimo cha Sørensen atacheka, aseme sehemu moja ya kumi ni nini? Aliyefahamu kuwa daraja moja ni mara kumi atapiga hesabu, akute kuwa ioni za haidrojeni zimezidi kwa zaidi ya robo. Bahari bado ni alkali, wala haikugeuka ndimu. Lakini matumbawe, chaza na kombe hujenga majumba yao kwa madini yale yale yaliyomo katika mawe ya nyumba zetu, na kila pH ishukapo, ujenzi wao huwa mzito. Miamba ya Kiunga, iliyowekwa chini ya hifadhi mwaka 1979, ndiyo makao ya samaki ambao wavuvi wetu huwategemea.

Babu zetu waliyajua matumbawe kwa mkono, wakajenga kwayo mji uliosimama karne nyingi. Elimu ya mkono ni elimu, wala hatuidharau. Lakini mabadiliko ya bahari hayaonjeki kwa ulimi wala hayashikiki kwa mkono. Hujulikana kwa kipimo tu. Mtoto wa mkulima wa Havrebjerg alikitoa kipimo hicho bila ya kumficha mtu. Kwa hiyo twawaomba wazazi, mtoto arudipo kutoka shule na somo la asidi na alkali, wasimwambie kuwa hayo ni mambo ya mtihani tu. Na wamwonyeshe ukuta wa nyumba yao na ndimu iliyo jikoni, kisha wamwulize zina pH gani.