Antonio de Torres: seremala aliyezikwa na siri ya vidole vyake

Gitaa la mbao la kupigwa kwa vidole, lile lenye nyuzi laini na kiuno chembamba, umbo lake halikushuka na mvua. Lilipimwa, likakatwa na kusimamishwa na seremala mmoja wa kusini mwa Uhispania aliyefariki mwaka 1892. Wanamuziki wa dunia nzima wanamwita baba wa gitaa la kisasa. Lakini ukisoma maisha yake utaona mtu aliyeishi na madeni, aliyeuza sahani na bilauri ili watoto wale, na aliyeondoka duniani bila kumwachia mtu ufundi wake. Jina lake ni Antonio de Torres Jurado.

Najua wapo miongoni mwa wasomaji wangu watakaouliza hukumu ya ala za muziki. Hilo nawaachia masheikh, wao ndio wenye elimu yake. Mie leo nazungumzia ufundi wa mkono, na namna ufundi unavyopotea watu wakiangalia.

Torres alizaliwa tarehe 13 Juni 1817 katika kijiji cha La Cañada de San Urbano, nje kidogo ya mji wa Almería. Mji huo si mgeni kwetu kihistoria. Jina lake ni la Kiarabu, al-Mariyya, na ulijengwa mwaka 955 kwa amri ya Khalifa Abdurrahman wa Tatu wa Kordoba. Ngome yake ya zama hizo ingali imesimama juu ya kilima ikiutazama mji. Waislamu waliushika hadi mwaka 1489 ulipochukuliwa na wafalme wa Kikatoliki. Ni katika nchi hiyo ya Andalusia ndipo Ziryab, mwanamuziki aliyetoka Baghdad, alipofika mwaka 822 akiwa na udi wake. Wahispania wakauchukua udi pamoja na jina lake, wakauita laúd. Hata neno lao la gitaa lilipitia kwenye ulimi wa Kiarabu, qitara, kabla ya kutufikia sisi kwa mlango wa Kiingereza. Kwa hivyo fundi huyu alizaliwa penye mchanga uliokuwa umelowa sauti ya nyuzi kwa miaka elfu.

Kwao hakukuwa na utajiri. Babake alikuwa mkusanya kodi. Antonio alipofika miaka 12 akapelekwa kwa seremala kujifunza kazi, kama watoto wa mafundi walivyokuwa wakipelekwa hapa kwetu zamani. Akajifunza randa, patasi na msumeno. Hakuna aliyemwambia wakati huo kwamba atatengeneza ala. Alifunzwa useremala wa kawaida, wa milango na viti.

Mwaka 1833 vita vya kugombania ufalme vilizuka Uhispania, na vijana wakaanza kuchukuliwa jeshini. Aliyekuwa hana mke ndiye aliyechukuliwa kwanza. Wazee wake wakamwoza haraka mwaka 1835, akiwa na miaka 18, kwa msichana mdogo aitwaye Juana María López, binti wa mwenye duka. Wakapata watoto watatu, wawili kati yao wakafa wadogo. Mwaka 1845 mke naye akafa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 23 tu. Seremala akabaki mjane, ana deni, na bado hajafika miaka 30.

Ndipo akauelekea mji wa Seville. Huko alikutana na watengenezaji wa magitaa, akawa anafanya kazi katika mtaa wa Cerrajería ambako mafundi wa ala walikuwa wamekusanyika. Inasemekana alikuwa ameshaonjeshwa kazi hiyo Granada. Mpigaji gitaa mashuhuri wa wakati huo, Julián Arcas, ambaye pia alikuwa mtu wa Almería, aliziona kazi zake akamshika mkono na kumsisitiza aache mengine yote. Torres akasikia. Kutoka miaka ya 1850 jina lake likaanza kuandikwa ndani ya magitaa, na mwaka 1858 akapata nishani ya shaba katika maonyesho ya Seville.

Alifanya nini kipya? Hapa ndipo penye uzito, na nawaomba maseremala wanaonisoma wapasome polepole.

Magitaa ya kabla yake yalikuwa madogo, yenye sauti ya chumbani. Torres aliongeza upana wa kiwiliwili. Urefu wa uzi kutoka kichwani hadi darajani aliuweka kwenye sentimita 65, na kipimo hicho ndicho kinachotumika hadi leo. Kubwa kuliko yote, aliutazama uso wa gitaa, yaani ule ubao wa mbele wenye tundu, akasema moyoni mwake kwamba sauti yote imo humo. Akauparuza ukawa mwembamba, milimita mbili na kitu katikati na pembeni chini ya hapo. Ubao mwembamba namna hiyo nyuzi zinauvuta na kuupinda. Kwa hivyo akauinua kidogo mfano wa kuba, na ndani yake akabandika vijiti saba vilivyotandazwa kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Vijiti hivyo vinashika ubao usipasuke, lakini havizuii kutetemeka.

Si yeye aliyevibuni. Mafundi wa Cádiz na Seville walikuwa wakitumia vijiti vya namna hiyo katika karne iliyotangulia. Yeye alivipanga kwa hesabu, akavilinganisha na umbo kubwa na ubao mwembamba, mpaka kila kitu kikasaidia chenzake. Ufundi mwingi uko hivyo. Mtu mmoja huchukua vilivyoachwa na waliotangulia akavipa mahali pake.

Watu wakabisha. Walisema sauti inatokana na mbao za ghali za mgongoni na ubavuni. Torres hakujibizana nao. Mwaka 1862 alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni karatasi ngumu, mfano wa boksi, na uso wake peke yake ndio wa ubao mzuri. Gitaa likatoa sauti ya kupendeza. Limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona, na kila anayebishana bado anaelekezwa huko.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Uso hukatwa kutoka kwa sprusi, mti wa milima ya baridi, ubao ukipasuliwa mara mbili na kufunguliwa kama kitabu ili mishipa ya upande mmoja ilingane na ya upande wa pili. Mbavu mara nyingi zilikuwa za saipresi, jamii ya mti ambao ndugu yake hapa Kenya unauzwa katika kila duka la mbao. Ubao wa ubavu hurashiwa maji, ukapindwa juu ya chuma cha moto mpaka ukafuata kiuno cha gitaa bila kuvunjika. Gundi ilikuwa ya ngozi za wanyama, huyeyushwa na kupakwa ikiwa moto, na fundi ana muda mfupi tu wa kuunganisha kabla haijashika.

Kisha inakuja kumalizia, ambako mafundi wengi wavivu huharibu kazi ya miezi. Desturi ya magitaa ya Uhispania ni lakiri inayotokana na wadudu wa India, ikayeyushwa kwa spiriti. Haipakwi kwa brashi. Fundi huifunga pamba ndani ya kitambaa, akalowesha kidogo, akasugua kwa mizunguko midogo midogo, tabaka moja jembamba, akasubiri, akarudia tena siku ya pili na ya tatu. Rangi nene hung'aa dukani lakini huuziba ubao, na ala ikawa kama mtu aliyefunikwa blanketi mdomoni. Tabaka jembamba hulinda mbao na kuiacha ipumue.

Mwaka 1869 kijana wa miaka 17 aliletwa dukani kwa Torres kununua gitaa. Alikuwa Francisco Tárrega. Inasimuliwa kwamba fundi alimletea kwanza gitaa la kawaida. Kijana alipoanza kupiga, mzee akanyamaza, akaingia ndani, akatoka na gitaa alilolitengeneza mwaka 1864 na kujiwekea mwenyewe. Tárrega alilipiga kwa miaka mingi mpaka likachoka, na kwa gitaa hilo akawa mwalimu wa wapigaji wote waliofuata.

Ungedhani baada ya hapo fundi alitajirika. La. Karibu na mwaka 1870 Torres alifunga karakana yake Seville akarudi Almería na mke wake wa pili, Josefa Martín Rosada, wakafungua duka la vyombo vya kauri na vya kioo. Mtu ambaye magitaa yake yalikuwa yakipigwa mbele ya mabwana wakubwa alikuwa akipanga vikombe kwenye rafu. Mkono wa fundi lakini haulali. Mwaka 1875 akaanza tena nyumbani, kidogo kidogo baada ya shughuli za duka, na ndani ya kila gitaa akawa anaandika kwamba ni la kipindi cha pili, na namba yake. Mke alipofariki mwaka 1883 aliongeza kazi, akawa anatoa takriban magitaa 12 kwa mwaka. Katika maisha yake yote wachunguzi wanakadiria alitengeneza zaidi ya 300. Yanayojulikana leo hayafiki 100.

Miaka ya mwisho mikono ilianza kumtetemeka. Padri kijana wa mtaani, Juan Martínez Sirvent, akawa anakwenda kumsaidia zile kazi ndogo zinazotaka mkono uliotulia. Ni padri huyu aliyeandika kumbukumbu zake mwaka 1931. Anaeleza kwamba ulipofika wakati wa kubandika vijiti vya ndani, mzee alijifungia peke yake, hata jamaa wa nyumbani wasione. Siku moja wakiwa kwenye chakula, padri alimsihi asiondoke na siri hiyo, awaachie wanaokuja. Mzee akamjibu kwa upole kwamba siri anaiona kila siku, na kwamba hata akitaka kuitoa hawezi, kwa sababu imo katika ncha za kidole gumba na cha shahada. Anaushika ubao, anaupinda kidogo, na vidole vinamwambia kama umefika au bado. Hiyo itakwenda naye kaburini.

Ikaenda. Torres alifariki tarehe 19 Novemba 1892 kijijini alikozaliwa. Hakuacha mwanafunzi.

Kilichofuata ni funzo. Mafundi wa Madrid, akiwemo Manuel Ramírez, waliyajua magitaa yake kwa kuyafungua yalipoletwa matengenezo, wakapima kila kijiti na kila unene. Karne nzima baadaye José Luis Romanillos, mtengenezaji gitaa wa Kihispania aliyeishi Uingereza, alitumia miaka kufuatilia kazi na nyaraka za Torres na akachapisha kitabu mwaka 1987. Jambo ambalo kijana mmoja angelijifunza kwa kukaa kando ya mzee miaka mitano, dunia ililitafuta kwa miaka mia kwa rula na tochi.

Wapo wanaosema Torres alikuwa na haki, kwamba kipawa hakifundishiki. Mie nasema nusu yake ni kweli. Vidole havirithiwi, lakini vidole hufunzwa. Padri hakuwa fundi. Alikuwa msaidizi mwenye huruma. Kama pale mezani angekuwepo kijana wa miaka 12 mwenye randa mkononi, mzee angeupinda ubao, akampa naye aupinde, akamuuliza anasikia nini. Hivyo ndivyo Torres mwenyewe alivyofunzwa useremala. Alipokea kwa mkono, akashindwa kutoa kwa mkono. Na tusimlaumu peke yake. Fundi anayelazimika kuuza sahani ili ale hana nafasi ya kulisha mwanafunzi. Mji ulionunua magitaa yake kwa bei ya kumwacha na deni nao una sehemu yake katika hasara ile.

Hapa pwani tuna hesabu kama hiyo. Kibangala, udi mdogo wa kuchongwa ambao wazee wa Lamu na Mombasa waliupiga kabla ya bendi kubwa za taarab, leo wengi wa vijana hawajawahi kuuona. Marehemu Zein l'Abdin alipofariki mwaka 2016 tulimlilia mpigaji, na ilikuwa haki. Ni wangapi tuliouliza udi unachongwa na nani, kwa mbao gani, na ni nani anayeweza kuukarabati ukipasuka? Maseremala wetu wanajua mbambakofi na mvule kama wanavyojua majina ya watoto wao. Wanachonga milango inayopigwa picha na wageni. Mkono upo. Kinachokosekana ni kijana aliyekaa kando, na mnunuzi anayekubali kulipa bei ya kazi badala ya bei ya mbao.

Vyuo vyetu vya ufundi vina madarasa ya useremala. Mwaliko mmoja kwa fundi mzee kila muhula hautavunja bajeti ya mtu. Simu za mikononi tunazo zote. Kupima ala ya zamani na kupiga picha ndani yake ni kazi ya mchana mmoja. Na mzazi ambaye mtoto wake shule imemkataa lakini mikono yake haitulii, asimwone ameharibikiwa. Amfikirie yule mtoto wa mkusanya kodi wa La Cañada. Anayemjua mtaani kwake mzee anayetengeneza au kukarabati ala za nyuzi, ampelekee kijana mmoja wiki hii, kabla mikono ya mzee haijaanza kutetemeka.