Tom Mboya: Bwana afya aliyewatafutia wafanyakazi wa Kenya marafiki ng'ambo

JUMAMOSI ya Julai 5, 1969, risasi zilikatisha maisha ya Thomas Joseph Mboya mbele ya duka la dawa katika barabara iliyoitwa Government Road, ambayo leo ni Moi Avenue, jijini Nairobi. Alikuwa na umri wa miaka 38 na Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Wengi humkumbuka kama mwanasiasa aliyekufa mapema. Kabla ya siasa, hata hivyo, Mboya alikuwa kiongozi wa wafanyakazi, na ni huko alikojifunza kwamba mnyonge asiye na marafiki mbali na kwao hushindwa kwa urahisi.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako baba yake, Leonard Ndiege, mwenyeji wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria, alikuwa mnyapara. Alisoma katika shule za misheni, zikiwamo Yala na Mang'u, lakini karo ilimshinda baba yake na kijana akalazimika kutafuta mafunzo yasiyolipiwa. Ndipo alipojiunga na chuo cha maofisa wa afya mjini Nairobi mwaka 1948.

Mwaka 1951 aliajiriwa na Halmashauri ya Jiji la Nairobi kuwa bwana afya. Mshahara wake ulikuwa mdogo mno ukilinganishwa na wa Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Siku moja, akiwa ofisini akipima maziwa, mwanamke wa Kizungu aliingia, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama kulikuwa na mtu yeyote mle ndani. Alikuwa anamtazama Mboya.

Chama cha watumishi Waafrika wa Halmashauri kilimchagua kuwa rais mwaka 1952, naye akakigeuza kuwa chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa chenye usajili kamili. Oktoba mwaka huo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Fred Kubai, kiongozi mkubwa wa vyama vya Nairobi, alitiwa mbaroni, na wakati wa Operesheni Anvil ya Aprili 1954 maelfu ya wakazi wa jiji walikamatwa na kupelekwa kizuizini. Vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku. Sauti iliyobaki ilikuwa ya wafanyakazi, na mwaka 1953 Mboya alikuwa amekwishakuwa Katibu Mkuu wa shirikisho lao, lililojulikana baadaye kama KFL.

Shirikisho lile lilikuwa maskini. Ada zilikusanywa kwa taabu na waajiri hawakutaka kuwatambua viongozi wake. Mboya aliligeukia Shirikisho la Kimataifa la Vyama Huru vya Wafanyakazi, ICFTU, lenye makao Brussels, ambalo lilimtuma Nairobi mjumbe wake kutoka Kanada, Jim Bury. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma Machi 1955, Mboya alikwenda kuwasemea, na baraza la usuluhishi likawaongezea ujira kwa takriban asilimia 33. Mwaka huo huo shirikisho la wafanyakazi wa Tanganyika, TFL, liliundwa, Rashidi Kawawa akiwa Katibu Mkuu wake.

Mwaka 1956 serikali ilipotishia kuifutia KFL usajili kwa madai ya kujiingiza katika siasa, Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya Uingereza, Vincent Tewson, alifunga safari hadi Nairobi kusuluhisha, na KFL ikanusurika. Mboya alikuwa masomoni Chuo cha Ruskin, Oxford. Kutoka huko alikwenda Marekani, ambako viongozi wa AFL-CIO waliahidi dola 35,000 za kujengea makao makuu ya wafanyakazi wa Kenya. Jengo hilo liliitwa Solidarity, yaani mshikamano.

Lakini fedha hizo zilimletea maadui. Ilikuwa enzi ya vita baridi, na wapinzani wake walidai kuwa anayelipa ndiye anayeamua. Kwame Nkrumah wa Ghana, ambaye Desemba 1958 alimwona Mboya akiongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra, alitaka vyama vya bara hili vijitoe ICFTU. Mboya alikataa, alishikilia kwamba msaada si utumwa iwapo mpokeaji anajua anachokitaka. Mgawanyiko huo ulidhihirika mwaka 1961 mjini Casablanca, lilipoundwa shirikisho la Afrika lililopinga uhusiano na ICFTU. Ndani ya Kenya nako wafanyakazi waligawanyika makundi mawili.

Mwaka 1965 serikali, ambayo Mboya alikuwa waziri wake, iliyavunja makundi yote mawili na kuunda COTU. Uhusiano na mashirikisho ya nje ulikatwa, na Rais alipewa usemi katika uteuzi wa viongozi wa juu. Mtu aliyeitegemea dunia kuilinda KFL dhidi ya serikali ya kikoloni alikuwa sasa ndani ya serikali iliyoufunga mlango huo. Wapo wanaoona hiyo ndiyo doa katika maisha yake; wengine husema alitaka amani kazini ili nchi changa ijengeke.

Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kunyongwa kwa mauaji ya Mboya, ila swali la nani alimtuma halijapata jibu. Mboya alizikwa Rusinga. Sanamu yake imesimama Moi Avenue, hatua chache kutoka alipouawa, na jengo la Solidarity lililoko Barabara ya Digo ni makao makuu ya COTU. Wafanyakazi wanaopanda ngazi zake na malalamiko yao wanaitumia zawadi ya wafanyakazi wenzao ambao hawakuwahi kuiona Nairobi.