Edmond Thieffry, rubani aliyefia anga ya Kongo

Wakaaji wa Walikale wanajua faida ya ndege. Barabara ilipokatika, ndege ndogo zilitua Kilambo, juu ya lami ya barabara, kushusha bidhaa na kubeba madini. Kuunganisha miji ya Kongo kwa ndege ni kazi iliyomuua Mbelgiji Edmond Thieffry.

Alizaliwa Etterbeek, Brussels, mwaka 1892, akawa mwanasheria. Katika Vita ya Kwanza ya Dunia aliangusha ndege 10 za Wajerumani. Februari 1918 yeye mwenyewe aliangushwa, akashikwa mateka.

Tarehe 12 Februari 1925 aliondoka Brussels pamoja na rubani Léopold Roger na fundi Jef De Bruycker, katika ndege ya kampuni Sabena. Walifika Léopoldville, leo Kinshasa, tarehe 3 Aprili, baada ya siku 51. Angani walikaa saa 75 hivi tu.

Kisha alirudi koloni kutafuta namna ya kuanzisha safari za ndani. Tarehe 11 Aprili 1929 ndege yake ilianguka karibu na Ziwa Tanganyika. Alikuwa na miaka 36.

Baada ya uhuru, Air Congo ilizaliwa mwaka 1961, ikaitwa Air Zaïre mwaka 1971, kisha ikafa. Desemba 2024 jina Air Congo lilirudi, kwa ushirikiano na Ethiopian Airlines. Lakini mwezi uliofuata vita ilifunga uwanja wa Goma, mlango wa Masisi na Walikale.