Edmund Hillary: Mpanda Mlima Aliyerudi Kujenga



Mwaka huu kamati imenipa mimi zamu ya kuandika juu ya maisha ya mtu ambaye tunaweza kujifunza kwake. Nimemchagua mtu wa mlima, maana sisi ni watu wa mlima. Wengi wetu tumesomeshwa na fedha iliyoshuka kutoka Kibo. Baba alibeba mizigo ya wageni, mjomba alipika Horombo, kaka aliongoza watalii hadi Uhuru. Jina la Mzee Yohani Kinyala Lauwo tunalijua tangu utoto. Ninayemwandika hapa hakuwa wa kwetu, lakini aliyoyafanya baada ya kushuka mlimani yanatuhusu kabisa.

Edmund Hillary alizaliwa Auckland, Nyuzilandi, tarehe 20 Julai 1919. Baba yake, Percival, alikuwa amepigana vita ya Gallipoli, na baada ya vita familia ikahamia Tuakau, mji mdogo wa wakulima kusini mwa Auckland. Huko baba alichapisha gazeti la mji na kufuga nyuki. Mama, Gertrude, alikuwa mwalimu, na ndiye aliyesisitiza kijana wake asome sekondari mjini. Basi Edmund akawa anapanda treni kila siku, karibu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Alikuwa mpole, mwenye aibu, asiye na marafiki wengi. Muda wa treni aliutumia kusoma vitabu vya safari na hatari.

Akiwa na miaka 16 shule iliwapeleka wanafunzi mlima Ruapehu. Ndipo alipoona theluji kwa mara ya kwanza, na tangu siku hiyo moyo wake ukabaki mlimani. Chuo kikuu alikaa miaka miwili akaondoka bila shahada. Akarudi nyumbani kufuga nyuki pamoja na baba yake na mdogo wake, Rex. Kazi hiyo si ya mchezo. Mizinga ni mizito, inabebwa majira yote ya joto, na nyuki hawamjui mwenye mali wala mgeni. Mwenyewe aliamini kwamba kazi ile ndiyo iliyompa mgongo na mapafu ya kupanda milima. Mwaka 1939 alipanda mlima wake mkubwa wa kwanza, Ollivier, katika milima ya kusini mwa nchi yake. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto alijiunga na jeshi la anga, na mwaka 1945 aliungua vibaya katika ajali ya boti huko visiwa vya Solomon. Alipopona alirudi kwenye nyuki na milima.

Mwaka 1951 alipata nafasi ya kwenda Himalaya na msafara wa Mwingereza Eric Shipton, uliokuwa unatafuta njia ya kupanda Everest kupitia upande wa Nepali. Miaka miwili baadaye aliitwa tena katika msafara mkubwa uliongozwa na Kanali John Hunt. Wapagazi walikuwa zaidi ya 350. Ndugu zangu mliowahi kubeba mzigo mnaelewa maana ya hesabu hiyo. Wageni wachache wanaotajwa katika vitabu walisimama juu ya migongo ya mamia.

Katika msafara huo alikuwamo Tenzing Norgay, Msherpa aliyeanza kama mpagazi mwaka 1935 na ambaye alikwisha kujaribu Everest mara nyingi kuliko karibu mtu yeyote aliyekuwa hai. Siku moja Hillary aliruka ufa katika barafu, ukingo ukavunjika, akaanza kutumbukia. Tenzing, aliyekuwa ameshika kamba, aliikaza haraka na kumzuia. Kuanzia siku hiyo Hillary hakutaka mwenza mwingine.

Tarehe 26 Mei 1953, Charles Evans na Tom Bourdillon walikaribia kilele, wakabakiza kama mita 100 za kupanda, lakini oksijeni na nguvu vikawaishia, wakageuka. Zamu ikawa ya Hillary na Tenzing. Usiku wa kuamkia tarehe 29 walilala katika hema peke yao, juu kuliko mita 8,400. Asubuhi viatu vya Hillary vilikuwa vimeganda kama mawe, akakaa karibu saa mbili akivipasha moto juu ya jiko. Halafu wakaanza kupanda. Karibu na kilele walikuta ukuta wa mwamba na theluji wa kama mita 12, na Hillary akajipenyeza katika mwanya kati ya mwamba na barafu hadi akatokea juu. Saa tano na nusu asubuhi walisimama kwenye kilele, mita 8,848. Walikaa kama dakika 15. Hillary alimpiga Tenzing picha, na yeye mwenyewe hana picha ya kilele. Tenzing alifukia peremende katika theluji kama sadaka kwa miungu, na Hillary akaacha msalaba mdogo aliopewa na Hunt.

Waliposhuka, dunia nzima ilitaka kujua nani alikanyaga kwanza. Wao walikubaliana kujibu kwamba walifika pamoja kama timu. Ni Tenzing mwenyewe aliyesema baadaye, katika kitabu cha maisha yake, kwamba Hillary alitangulia hatua chache. Hillary alipewa cheo cha Sir. Mwaka huo huo alimwoa Louise Rose, nao wakajaliwa watoto watatu, Peter, Sarah na Belinda.

Hakutulia. Tarehe 4 Januari 1958 alifika Ncha ya Kusini ya dunia kwa matrekta ya Ferguson, yale ya shamba, akiwa wa kwanza kufika huko kwa magari. Kabla yake ni Amundsen na Scott tu waliofika kwa njia ya nchi kavu, zaidi ya miaka 45 nyuma. Mwaka 1977 alipanda mto Ganges kwa boti kutoka baharini kuelekea chanzo chake. Mwaka 1985 aliruka kwa ndege ndogo hadi Ncha ya Kaskazini pamoja na Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi.

Kama maisha yake yangeishia hapo, nisingeyaandika katika kijitabu hiki. Watu hodari ni wengi. Sababu yangu inaanzia mwaka 1960.

Mwaka huo alirudi Nepali na msafara mwingine. Aliwauliza Washerpa aliokuwa nao ni jambo gani angeweza kuwafanyia. Hakuwapangia yeye. Wakamwomba shule, kwa kuwa watoto wao walikua bila kujua kusoma. Mwaka 1961 shule ya kwanza ikafunguliwa kijiji cha Khumjung, jengo dogo la alumini lililopatikana kwa msaada, na mwalimu Msherpa akaletwa kutoka Darjeeling. Haikupita muda wazee wa vijiji vya jirani wakaja kuuliza na wao watasahauliwa hadi lini. Mwaka 1963 zikajengwa shule za Pangboche na Thame. Mwaka 1966 ikafunguliwa hospitali ya Khunde. Kule juu rovu lilikuwa limeenea kwa kukosa madini joto, na hospitali hiyo ndiyo iliyoanza kulitibu. Kupitia mfuko alioutunza, zilijengwa zaidi ya shule 25, hospitali mbili, zahanati, madaraja na mabomba ya maji. Wajenzi wengi walikuwa watu wa kujitolea kutoka Nyuzilandi, na Rex, yule mdogo wake wa mizinga ya nyuki, alikuwa fundi mkuu miaka mingi.

Sasa nizungumze kama mhasibu. Jengo hulipiwa mara moja, lakini mwalimu hulipwa kila mwezi, na dawa huisha kila wiki. Hapo ndipo miradi mingi hufa. Tumeyaona majengo mazuri yenye bamba la ufunguzi ukutani na popo darini. Hillary alilijua hilo. Kwa zaidi ya miaka 40 alizunguka Marekani, Uingereza, Kanada na kwao Nyuzilandi, akihutubia, akila chakula cha jioni na watu asiowajua, akiomba fedha. Mtu mwenye aibu tangu utoto! Jina lake lilikuwa mtaji, naye aliutumia mtaji huo kulipa mishahara ya walimu na kusomesha vijana. Halafu karibu kila mwaka alirudi Nepali kwa miguu yake kuangalia kama paa linavuja.

Alikosea pia, na hakuficha. Mwaka 1964 alijenga kiwanja cha ndege Lukla ili vifaa vya ujenzi vifike kwa urahisi. Ardhi ilinunuliwa kwa wakulima, na Washerpa waliishindilia kwa kucheza ngoma juu yake. Kiwanja kikaleta vifaa, kisha kikaleta watalii kwa maelfu, na misitu ikakatwa kwa kuni. Alipoona hivyo alishiriki kudai eneo lile lihifadhiwe, likawa Hifadhi ya Taifa ya Sagarmatha mwaka 1976, na mfuko wake ukaanzisha vitalu vya miche. Sisi tulioona msitu wetu ukiungua na vijito vyetu vikipungua hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Tarehe 31 Machi 1975 alikuwa Phaplu, akijenga hospitali ya pili. Louise na Belinda, aliyekuwa na miaka 16, walipanda ndege ndogo Kathmandu ili wamfuate. Ndege ikaanguka mara baada ya kuruka. Wote wawili walifariki. Hillary alivunjika moyo kwa miaka mingi, na wote waliomjua waliona. Lakini hospitali ya Phaplu ilikamilika. Hakuiacha kwenye linta. Mwaka 1989 alimwoa June Mulgrew, mjane wa rafiki yake, na wakaendelea na kazi ile pamoja.

Katika miaka ya themanini aliiwakilisha nchi yake India kama balozi. Mwaka 1992 sura yake iliwekwa kwenye noti ya dola tano ya Nyuzilandi akiwa bado hai. Mwaka 2003, miaka 50 tangu kilele, Nepali ilimpa uraia wa heshima. Alifariki Auckland tarehe 11 Januari 2008, akiwa na miaka 88. Kule Khumjung walimlilia kama mzee wa ukoo. Alisema mara nyingi kwamba shule na hospitali zilimpa furaha kuliko kilele.

Ndugu zangu, Hillary hakuzaliwa Khumjung. Alikwenda kule kupanda mlima, wakamwonyesha wema, naye akalipa deni hilo maisha yake yote. Sisi tumezaliwa hapa. Kitovu chetu kimezikwa kihambani. Kila Desemba magari yetu hujaa barabara ya kwenda nyumbani, tunachinja, tunakunywa mbege, tunapiga picha na Kibo, na Januari tunashuka.

Wodi ya wazazi imesimama kwenye linta tangu mwaka juzi. Mama zetu bado wanashushwa kwa bodaboda usiku kwenda kujifungulia mbali. Mimi ndiye ninayeandika daftari la ahadi, na nasema bila kumtaja mtu kwamba ahadi zilizoandikwa humo zinatosha kuezeka. Zilizolipwa hazitoshi. Jina langu mwenyewe lilikuwa katika orodha ya wasiolipa hadi wiki niliyomaliza kuandika makala haya. Niliona haya kuyapeleka kwa mchapaji kabla ya kwenda benki.

Kwa hiyo, kabla ya kuahidi upya siku ya changizo, tulipe kwanza ile ya zamani. Halafu tukubaliane pia mchango mdogo wa kila mwezi kwa ajili ya vitanda, dawa na posho ya mlinzi, ili jengo lisije likawa makazi ya popo. Na tukipanda Desemba, kila mmoja apite kuliangalia paa kabla hajafika kwake.

Karibuni nyumbani.