Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Kazi ya Hasira



Kwetu Ziwa la Ng'ombe, Ramadhani ikiingia wiki ya pili utasikia fulani kaacha kazi. Ukiuliza, kumbe ni maneno tu na msimamizi, jua kali, saumu imemshika. Kibarua kimeota nyasi na Idi yaja. Ndipo nikaona mwaka huu tumkumbuke Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyezaliwa 1891.

Babake, Sheikh Ali bin Abdallah, alifariki yeye angali mdogo. Akasomeshwa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, kisha na maulamaa wa Unguja, akiwemo Sayyid Ahmad bin Sumeit.

Mambo ya kumuudhi hayakuwa haba. Waingereza wanatawala, Waislamu wa pwani wamebaki nyuma kielimu, mali yaishia kwenye harusi na matanga. Wangapi waliyalalamikia hayo barazani, kahawa ikaisha, wakaenda zao kulala? Yeye 1930 akatoa gazeti la Sahifa, Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na 1932 Al-Islah, kwa Kiarabu na Kiswahili. Humo hakuwabembeleza watu wake. Aliwakaripia kwelikweli, lakini aliwaonyesha na la kufanya: wasome, wasomeshe na mabinti, wachukue mazuri ya wageni na mabaya wawaachie wenyewe. Hasira yake, kwa maoni yangu, aliipa kazi. Makala hayo baadaye yalikusanywa katika kitabu Uwongozi.

Mwaka huo wa 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na 1937 Kadhi Mkuu wa Kenya. Hebu ifikirie kazi yenyewe: asubuhi mke alia ataka talaka, adhuhuri ndugu wa tumbo moja wagombania nyumba ya marehemu, na kila mmoja aona yeye ndiye mwenye haki. Mtume (S.A.W.) amemkataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira. Kwa hivyo kwa kadhi kutuliza moyo si hiari, ni sharti la kazi, sawa na kuijua sheria.

Na bado alisomesha (Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, mwanafunzi wake, naye alikuja kuwa Kadhi Mkuu), na aliandika kwa Kiarabu historia ya Wamazrui.

Alifariki 1947, umri wake miaka 56, akiwa bado Kadhi Mkuu. Mwanawe Ali, ambaye dunia ilikuja kumjua kama Profesa Ali Mazrui, alikuwa na miaka 14. Allah amrehemu.