Adrian Atiman, Mtumwa Aliyekuwa Mtu wa Karema

Tangu daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, msafiri aendaye kusini huuvuka mto Rufiji pale Ndundu kwa dakika chache, wala hawakumbuki waliotangulia kuuvuka. Soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873, wafanya biashara waliwapitisha mateka kwa nchi kavu toka Kilwa kwenda kaskazini, na Rufiji ilikuwa njiani mwao. Mateka aliyefika mtoni alikuwa amekwisha kunyang'anywa wazazi, kijiji, na mara nyingi hata jina. Je, mtu wa namna hiyo aweza kujua tena yeye ni nani? Twaona jibu katika maisha ya mtumwa mmoja aliyeuzwa mbali sana na Rufiji, akafia katika nchi yetu.

Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kando ya mto Niger, upande wa Timbuktu. Angali mtoto aliibwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa. Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamlea na kumsomesha. Katika Ubatizo alipata jina la Adrian. Lakini Atiman, jina alilotoka nalo kwao, hakulitupa. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alitambua kwamba Afrika haitaongoka pasipo Waafrika wenyewe. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua chuo huko Malta, ili vijana waliokombolewa wajifunze utabibu na kazi ya katekista. Atiman alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1888 alitumwa Afrika ya Mashariki, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya ziwa Tanganyika. Ngozi yake ilikuwa kama ya wenyeji, lakini kwao hapakuwa hapo. Ukoo hakuwa nao, na siku zile mtu asiye na ukoo alikuwa kama mti usio na mizizi. Alimwoa Agnes, Mbende, na mwana wao Joseph akawa padre. Hivyo mtu aliyenyang'anywa jamaa yake alilipatia Kanisa mtumishi kutoka katika jamaa mpya.

Kazi yake haikuwa ya kelele. Alisafisha vidonda, alitibu wagonjwa, alifundisha katekisimu. Wajerumani walitawala, wakaondoka, Waingereza wakaja, Atiman alikuwa pale pale. Mwenye elimu kama yake, wakati ambapo matabibu Waafrika walihesabika kwa vidole, angaliweza kutafuta cheo na mshahara mjini. Yeye alidumu Karema muda wa miaka 67, hata alipofariki mwaka 1956. Hakuna tena aliyemwita mgeni.

Hapa pana fundisho kwa jamaa zetu. Wako Wakristo wanaoishi Rufiji na Kibiti, wachache kati ya majirani Waislamu. Wako na vijana wetu waliokwenda mijini, ambako hakuna anayewajua wala anayeuliza kama wameshika dini. Mkristo anayetegemea wingi wa wenzake huona haya akibaki peke yake: huficha rozari, husahau Jumapili, kisha hajui tena yeye ni nani. Mwingine huifanya dini yake ukuta wa kumtenga na jirani. Wote wawili wamepotea njia.

Atiman hakuficha Ubatizo wake, wala hakuufanya ukuta. Aliupokea kama jina, kisha akalijaza jina hilo kwa kazi ya kila siku, mpaka watu wakalisoma katika mikono yake. Wazazi, wafundisheni watoto sala, tena wapelekeni wakamtazame jirani mgonjwa. Kabila na ukoo ni zawadi za Mungu, nasi tuzitunze. Lakini mtu aweza kunyang'anywa hivyo vyote kwa siku moja. Alama ya Ubatizo hakuna mnunuzi wa watu awezaye kuifuta.