Reginald Denny: Staa wa vichekesho aliyeunda ndege za rimoti

Ukiona droni ikizunguka juu ya harusi kupiga picha, huenda unafikiri ilitoka jeshini au kwa kampuni fulani kubwa ya teknolojia. Sehemu ya hadithi hiyo ni kweli. Lakini ndani yake yumo pia mwigizaji wa vichekesho wa Hollywood, jamaa wa suti safi kwenye sinema na gundi vidoleni akiwa nyumbani.

Jina lake la kuzaliwa ni Reginald Leigh Dugmore, ila dunia ilimjua kama Reginald Denny. Alizaliwa Richmond, Uingereza, mwaka wa 1891, katika familia ya watu wa jukwaani. Shule aliiacha akiwa na miaka 16. Vita Vikuu vya Kwanza vilimpata kwenye kikosi cha ndege cha Uingereza, na vilipokwisha akahamia Marekani. Miaka ya 1920 alikuwa staa kweli, wa zile sinema zisizo na sauti. Sauti ilipoingia, Mmarekani wa kawaida aliyemzoea kama kijana wa nyumbani akasikia Mwingereza akiongea. Denny akaanza kupewa nafasi za pembeni.

Inasimuliwa kwamba siku moja alimkuta mtoto wa jirani akihangaika na kindege chake kisichotaka kuruka. Mzee akajitia fundi, akamsaidia, kikaharibika kabisa. Basi akaanza kuunda vyake. Mapema miaka ya 1930 akafungua duka la vindege Hollywood, akauza mpaka injini ndogo za petroli zilizoundwa na fundi aitwaye Walter Righter.

Sasa, usidhani kuongeza redio kulikuwa kazi ya mchana mmoja. Kindege cha mti mwepesi wa balsa ukikiachilia hewani, upepo ndio dereva. Ukitaka kukigeuza lazima kibebe kipokezi, betri na kifaa cha kusukuma usukani wa mkia. Redio za wakati huo zilitumia taa za kioo: nzito, zenye kula betri, na ukitua vibaya zinapasuka. Simu yako ina kipokezi kidogo kuliko ukucha. Yeye alikuwa na boksi. Uzito ukizidi unataka mabawa makubwa, mabawa makubwa yanataka injini yenye nguvu, na injini nayo ina uzito wake. Unaona mzunguko huo? Ndiyo maana ndege yake ya redio haikutoka ndogo ya kushikwa mkononi.

Lakini nani angelipia kitu kama hicho? Denny akawazia wapiga mizinga ya kutungua ndege. Wao walifanya mazoezi kwa kulenga kitambaa kilichovutwa kwa kamba ndefu nyuma ya ndege yenye rubani. Kitambaa kilikwenda taratibu, moja kwa moja, jambo ambalo adui hafanyi. Na rubani, maskini, aliomba Mungu tu walengaji wasikose.

Mwaka wa 1935 akalionyesha jeshi la Marekani ndege yake ya kwanza, RP-1. Mkataba haukuja haraka. Akaunda RP-2, RP-3, RP-4. Miaka mitano ikapita huku akiendelea kuigiza. Mwaka wa 1940 jeshi likakubali. Ndege iliyofuata, OQ-2, ilikuwa na mabawa ya zaidi ya mita 3 na nusu, pangaboi mbili zilizozunguka kinyume, na ilirushwa kwa manati kubwa. Ikiponea risasi ilishuka kwa parachuti. Kufikia mwisho wa vita, karibu ndege 15,000 za ukoo huo zilikuwa zimeundwa.

Hapo ndipo mimi huduwaa kidogo. Mtu anapenda ndege tangu ujana, anakesha akitafuta namna ya kuifanya imtii, halafu mteja anayekuja anazitaka maelfu ili azipige risasi.

Kampuni yenyewe iliitwa Radioplane, na kiwanda kilikuwa Van Nuys, California. Humo alifanya kazi msichana aliyeitwa Norma Jeane, akikagua parachuti na kupuliza rangi ya kukaza kitambaa. Mpiga picha wa jeshi alimwona hapo, akampiga picha, msichana akaingia uanamitindo. Wewe unamjua kama Marilyn Monroe.

Radioplane ilinunuliwa na Northrop mwaka wa 1952. Denny hakuacha sinema. Mwaka wa 1966, akiwa na miaka zaidi ya 70, alionekana kwenye filamu ya Batman, na watoto waliojaa kumbini wakamcheka yule mzee wa mashua. Mwaka uliofuata alisafiri kwenda Uingereza, akafia huko Richmond, mji uleule alikozaliwa.